Mwaka Alana Alipolala na Kwacha

Simu iliita Jumapili baada ya misa, mimi na dada Alana tukichambua maharage uani kwake, hapa Majengo. Aliifungulia sauti kubwa kwa sababu masikio yake siku hizi hayasikii mpaka yabembelezwe. Aliyepiga alikuwa mpwa wa Bwana Issa, yuko Nakapanya, akasema kwa adabu zote kwamba mjomba ametangulia mbele ya haki alfajiri ile. Dada Alana alicheka. Alicheka hasa, kile kicheko chake cha kifuani kinachomlazimu ashike meza. Akasema, "Mwambie aamke, asituharibie Jumapili. Kifo chake nimeshakigharamia mara moja, sikigharamii mara ya pili." Upande ule zilisikika sauti za watu wengi wakiongea chini chini, halafu kijana akasema, "Mama, tunamzika baada ya adhuhuri." Dada Alana aliendelea kutoa vijiwe kwenye maharage kwa muda, kisha akanipa ungo nishike, akaingia ndani.

Kutoka Songea hadi Nakapanya hata kwa lami ya sasa tusingewahi maziko. Tulitandika mkeka papo hapo uani, majirani wakaja kukaa nasi, na mmoja wao, binti aliyehamia mtaa huu juzi juzi, akaninong'oneza sikioni kuuliza kama ni kweli bibi huyu alicheka alipopewa habari za msiba. Nilimwambia ndiyo, alicheka. Sikumwambia zaidi, maana msibani si pahali pa hadithi ndefu, lakini swali lile limenikera tangu siku ile. Sitaki mtu aondoke anamfikiria Alana Komba kuwa mwanamke asiye na huruma. Kwa hiyo sura hii nimeitenga kwa mwaka mmoja tu, ule mwaka ambao sisi wawili tulikuwa tukinunua na kuuza pesa za watu. Ya ukoo wangu na shule niliyosoma nayaacha, hayakuwa na ajabu yoyote.

Zilikuwa enzi za ruksa, serikali ilipowafungulia watu biashara. Nilikuwa nimepunguzwa kazi kwenye ghala la ushirika, nikapewa kiinua mgongo ambacho hakikuinua hata kidole, nikapanga chumba kimoja katika nyumba ya Mzee Ponera, Mmatengo aliyekuwa akiishi kwake Mbinga na kahawa zake. Vyumba viwili vya mbele alikuwa navyo dada Alana, mjane wa miaka thelathini na kitu, Mngoni mrefu mwenye mabega ya kubeba magogo na mikono midogo isiyolingana nayo. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, sakafu imepasuka, haina dari. Ukikohoa chumbani kwako, jirani wa chumba cha tatu anakuitikia pole. Dirishani dada Alana alipanga nyuzi, vifungo na sindano za cherehani, na watu wasiomjua waliamini kwamba anaishi kwa vifungo. Nyuma ya pazia kulikuwa na meza, viti vitatu na vyungu viwili vyenye mifuniko. Chungu kimoja kilikuwa cha kwacha za Malawi, kingine cha metikali za Msumbiji. Alinichukua nimsaidie kuhesabu, na shilingi zetu alizifunga kiunoni. Kibali cha biashara hiyo hatukuwa nacho. Wakati ule tulidhani ruksa imegusa kila kitu, na aliyetaka kutuambia vinginevyo naye alikuwa akija kubadilisha.

Wenye pesa zao mjini walihangaikia dola na pauni. Dada Alana aliziacha. Alisema dola ina mnunuzi kila mlango, na kwa sababu hiyo faida yake haitoshi kununua chumvi. Kwacha na metikali benki hazikuzitaka, maduka ya Wahindi hayakuzitaka, ukienda nazo Dar es Salaam watu wanazigeuza geuza kama majani ya mti wasioujua. Aliziita pesa yatima. Lakini walikuwapo watu waliozihitaji kuliko dola: wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa wanarudi kwao baada ya vita, akina mama waliovuka Ziwa Nyasa kwenda Malawi kwa maboti ya Mbamba Bay kufuata sahani na vitenge, wachuuzi wa ng'ambo ya Ruvuma waliouza mahindi huku na kununua sukari kule. Mtu wa namna hiyo akikosa kwako hapati kwa mwingine. Kwa hiyo alinunua chini, akauza juu, na pengo kati ya bei mbili lilikuwa pana la kupita ng'ombe. Utamu zaidi ulikuwa kumkutanisha mwenye kwacha anayetaka metikali na mwenye metikali anayetaka kwacha, bila shilingi kuingia kati. Hapo alikula pande zote mbili, na wateja walimshukuru wakampa na mkono.

Hatukuwa na mtu wa kutupangia bei. Bei tuliitafuta kwenye sabuni. Kila aliyetoka ng'ambo aliulizwa hali ya safari, akapewa uji, kisha katikati ya mazungumzo dada Alana akamuuliza mche wa sabuni huko unauzwaje. Sabuni ya Malawi akailinganisha na sabuni ya Songea, ya Msumbiji hali kadhalika, akapiga hesabu kichwani huku akifunga nywele za mtoto wa jirani, na bei ya asubuhi ikawa imepatikana. Nilicheka mwanzoni. Baadaye niliona kwamba mtu anaweza kudanganya kuhusu pesa, ila kuhusu sabuni hana sababu. Sharti lake kubwa lilikuwa moja: usilale na pesa ya aina moja. Jua linapozama uwe na kidogo cha kila kitu, maana pesa yatima ikikataliwa na mnunuzi wake mmoja, haina mwingine wa kuipokea. "Dola ikiugua ina madaktari," alisema. "Hii ikiugua unaizika mwenyewe." Nilimwona akirudisha wateja wazuri jioni kwa sababu tu ya sharti hilo, na sharti hilo ndilo alilokuja kulivunja.

Metikali zetu nyingi zililetwa na Bwana Issa. Alikuwa Myao wa Nakapanya, huko Tunduru, mwenye mikorosho yake, aliyefiwa na mke, mwembamba, kofia ya kiua haimtoki kichwani. Alivusha chumvi na kanga hadi Msumbiji, akarudi na mafungu ya metikali yaliyonuka samaki mkavu. Sasa, Wangoni na Wayao ni watani. Babu zetu walipigana, wakatekana, wakachoka, na kutokana na hayo yote wajukuu tumerithi haki ya kutukanana bila kesi. Mtani akikuita mtumwa unamwita mateka. Akiingia kwako akachukua kuku, huna ruhusa ya kununa, ukinuna umeaibisha ukoo. Wale wawili waliifanya kazi hiyo kwa moyo wao wote. Basi kutoka Tunduru likifika stendi, utingo alikuwa na salamu mdomoni: "Bwana Issa anamsalimu mtumwa wake wa Majengo, anauliza kama amejifunza kuoga." Na basi lilipogeuza, lilibeba majibu: "Mwambieni mla panya kwamba panya wa huku wamenona, aje." Stendi nzima ilikuwa ikingoja salamu hizo, na mabasi yaliposhindwa kupita wakati wa masika watu walizikosa kama wanavyokosa taarifa ya habari.

Alipofika mwenyewe, ilikuwa sikukuu nyumbani. Alileta korosho zilizobanguliwa kwa majivu ya moto, bado zina weusi, tukazila na uji wa ulezi. Dada Alana alipika maharage ya Umatengo na dagaa wa Nyasa, akaukaripia ugali kana kwamba ugali ndio uliomkosea. Chini ya kitanda alikuwa na sufuria moja mpya ambayo hakuitumia kwa kitu kingine. Kwetu nguruwe ndiye mfalme wa sikukuu, kila chombo cha nyumba kilikuwa kimemuonja, kwa hiyo ile sufuria ilikuwa ya Bwana Issa peke yake. Nilimuuliza siku moja kwa nini anaificha. Akanijibu kwamba Wayao wakiona sufuria nzuri wanaiteka. Nilikuwa msichana, lakini sikuwa kipofu. Niliona jinsi alivyoisugua kwa jivu kila Jumamosi, hata miezi ambayo mwenyewe hakutokea.

Mwaka huo huo, wakati wa kiangazi, Bwana Issa alikufa mara ya kwanza. Utingo alishuka kwenye basi hana kicheko, akasema mla panya amefariki, maziko ni kesho, na watani wanaombwa wafike na sanda kama desturi inavyotaka. Dada Alana alifunga duka. Alinunua kitambaa cheupe kizima kwenye duka la pembeni, hakupunguziwa bei na hakuomba apunguziwe, akavaa kanga mbili, akatembea kwenda stendi huku nimemshika mkono. Uso wake sikuwahi kuuona namna ile. Tulipofika, Bwana Issa alikuwa amekaa kwenye benchi la mama ntilie anakula maandazi. Akasema, "Sanda hiyo fupi, mtumwa wangu, unataka nizikwe miguu nje?" Watu walilala chini kwa kucheka. Dada Alana alimpiga kwa lile furushi mpaka likafunguka, naye akacheka, kila mtu akasema huo ndio utani wa kiume. Njiani kurudi aliikunja sanda upya, kona kwa kona. Aliapa kwamba mtu yule hatampata tena, hata aseme jua limechomoza.

Kitambo kidogo baada ya hapo Mzee Ponera alishuka kutoka Mbinga. Tulimpa shikamoo, tukampa kiti chenye mgongo, akala, akanawa, ndipo akasema kwamba anauza nyumba. Kuna mfanyabiashara anaitaka aibomoe ajenge gesti. Lakini kwa heshima ya miaka waliyokaa vizuri, anampa Alana nafasi mpaka Pasaka. Akifikisha bei aliyotaja, nyumba ni yake. Asipofikisha, wapangaji wote watafute pengine. Dada Alana alisema, "Nimesikia, baba," kwa sauti ya kawaida kabisa. Mzee alipoondoka alizunguka nyumba kwa nje, akagusa kuta. Alikuwa ameolewa humo, akafiwa humo, na ukoo wa marehemu ulishachukua kila kitu kilichobebeka. Kama angeondolewa na hapo, angerudi kijijini kukaa kwenye jiko la shemeji. Hilo aliniambia waziwazi, na akaniambia pia kwamba bei ya mzee hailingani na alichonacho, imebaki kiasi ambacho faida za kawaida haziwezi kukifikisha.

Kwacha wakati huo ilikuwa inatafutwa. Kila mwaka kabla ya Pasaka akina mama wa vitenge walivuka ziwa kwa wingi, na bei ya kwacha mjini kwetu ilipanda. Dada Alana alipiga hesabu zake juu ya kichwa cha yule mtoto wa jirani, akaamua. Aligeuza shilingi zote kuwa kwacha. Akageuza metikali zote kuwa kwacha. Chungu cha pili alikiosha akakigeuza mdomo chini. Nilimkumbusha sharti lake. Akasema, "Resti, sharti ni la mtu mwenye pa kulala." Watu wengi husema biashara ya pesa adimu inaua wenye tamaa. Mimi niliyemwona mtu akiingia humo kwa macho yake yote najua kwamba wengine huingia kwa sababu pesa ya kawaida haiwafikishi wanakokwenda, na hatari hawaioni ndogo, wanaiona ndiyo njia iliyobaki.

Mvua za mwanzo zilimkuta Bwana Issa kwetu. Alikuwa ameuza korosho zake vizuri, anapanga kununua pikapu, na kabla ya hapo anakwenda kwanza Mangochi, upande wa Malawi, kuwaona shangazi zake. Alasiri ile mvua ilipiga bati mpaka hatukusikizana, kisha ikatulia ghafla, na kwa vile nyumba haina dari, sauti zao zikaniangukia kitandani nilipojilaza. Bwana Issa alikuwa akisema, "Nikipata gari, twende wote Nakapanya ukaone mikorosho." Dada Alana akamjibu, "Nikafanye nini, nikawe kijakazi wako?" Akasema, "Ukawe mke." Akajibiwa, "Mke wa mla panya." Nilisikia kikombe kikiwekwa mezani. Kisha Bwana Issa akacheka, akasema Mngoni gani anajua kupika, na wakaendelea kutukanana kama kawaida. Nilibaki naangalia paa. Nilijiuliza mtu anayetaka kusema kweli katika nyumba kama hii aseme kwa lugha gani.

Aliondoka. Kwacha ilipanda kidogo kama ilivyotarajiwa, dada Alana akawa anaimba nyimbo za kwaya akipiga deki. Ndipo siku moja mchana akaja mama mmoja muuza dagaa kutoka Mbamba Bay, mtu wetu wa siku nyingi, akaweka kapu chini akaanza kucheka kabla hajasema. "Nina salamu za mla panya wako," alisema. "Nimekutana na watu wametoka Malawi wamenipa. Anasema hivi: mtumwa wangu, kwacha zote tupa. Tupa hata kwa hasara, tupa leo, usingoje Pasaka. Halafu anasema akirudi akukute umempikia. Waliniapisha niseme nikiwa nimekunja uso, lakini dada yangu, uso wenyewe ndio huu." Tulicheka sote watatu. Dada Alana alifuta machozi ya kicheko kwa upindo wa kanga. "Anataka nizitupe azizoe yeye," alisema. "Juzi alitaka sanda, leo anataka kwacha. Mwambieni nimesikia, nimezitupa chooni." Akampimia mama wa watu uji, akaingia jikoni.

Serikali ya kule ilikuwa imeamua kuiachia kwacha ijitafutie bei yake yenyewe sokoni. Bwana Issa alikuwa ameliona hilo kwenye maduka ya Mangochi, wenye maduka wakificha bidhaa kungoja, na alikuwa ametuma salamu kwa kila aliyeelekea ziwani. Sisi tuligundua kwa wateja. Akina mama waliokuwa wakija kununua kwacha walianza kuja kuziuza. Alikuja mmoja, wakaja wengine, wote kwa adabu, wote wana sababu ya kifamilia. Dada Alana alimuuliza wa mwisho kuhusu sabuni, naye akataja bei ambayo ilimfanya dada Alana aache kukoroga uji. Wiki hiyo bei ilianguka, wiki iliyofuata ikaanguka tena, na chungu chetu kilichojaa kilibaki kimejaa vile vile, noti zile zile, hakuna aliyezitaka. Dola ikianguka unauza kwa hasara yako unakwenda kulala. Kwacha mjini Songea haikuwa na hata wa kumuuzia hasara.

Hakulia. Alipika, akapiga deki, akauza vifungo. Siku ya tatu au ya nne tulikuwa tunamenya magimbi, akasema bila kuinua kichwa, "Alinitumia mtu, Resti. Alikuwa Malawi ugenini, akahangaika atafute mtu wa kunitumia." Nikamwambia, "Dada, usingeweza kujua." Akasema, "Siumwi na kwacha. Naumwa kwamba alisema jambo la kweli na mimi nikacheka." Hapo ndipo machozi yalipomtoka, nikaweka kisu chini nikamshika mabega yale mapana. Nilimpenda sana siku hiyo, nampenda hivyo hadi leo.

Bwana Issa alirudi Juma Kuu, amelowa, viatu mkononi. Alisimama mlangoni akasema, "Mtumwa wangu, umezitupa?" Dada Alana akasema, "Karibu, Bwana Issa." Hakusema mla panya. Sijawahi kuona mtu akipokea salamu ya heshima kama aliyepigwa kofi. Alikaa. Akaandaliwa chakula kutoka kwenye sufuria yake, akala taratibu, akasimuliwa yote: kiasi kilichomo chunguni, Mzee Ponera anakuja Jumatatu ya Pasaka, yule wa gesti amekwisha kuleta mafundi kupima kiwanja. Akauliza kwacha zile zilinunuliwa kwa bei gani. Akaambiwa. Alinawa mikono, akakausha kidole kimoja kimoja, akainuka, akakikumbatia chungu cha kwacha kifuani, akatoka nacho kwenye mvua. Barabarani alipaza sauti mtaa mzima ukasikia: "Nimeteka mali ya Mngoni. Anayebisha aje." Majirani walitoka barazani wakapiga vigelegele, wengine wakapiga masufuria. Mtani akiteka huwezi kumfuata kwa hasira, na dada Alana alisimama kizingitini, mdomo wazi, hana la kufanya mbele ya watu wote wale.

Kwenye kiti alichokalia alikuwa ameacha mkoba wake wa turubai. Ndani zilikuwa shilingi za korosho, zile za pikapu. Tulizihesabu mara moja tu, na zilikuwa zinalipa kwacha zote kwa bei iliyonunuliwa, kana kwamba kwacha haijaanguka popote, na juu yake zilitimiza kile kilichopungua kwenye bei ya Mzee Ponera. Dada Alana alinisukuma nimkimbilie. Nilimkuta stendi, amekaa kwenye lile benchi la maandazi, chungu kimefunikwa kwa kofia yake ya kiua, kichwa chake wazi kinachuruzika maji. Nilimwambia, "Kaka Issa, dada anasema rudi, hawezi kupokea." Akasema, "Mdogo wangu, wewe Wangoni wenzako huwajui? Ukiwapa hawapokei. Wakitekwa ndio wanatulia." Nikamwambia lakini hii ni hasara yako yote. Akatazama basi la Mbinga lililokuwa linapakia. "Mimi ndiye niliyemfundisha asiniamini," alisema. "Nilikufa bure, sasa nalipa sanda." Akapanda basi na chungu chake mapajani.

Alikwenda ziwani moja kwa moja, akavuka. Katika maduka madogo ya vijijini, mbali na miji ya Malawi, bei zilikuwa hazijafuata bado anguko la kwacha, akazitumia huko haraka kadiri alivyoweza, akanunua sahani za bati, majembe, sabuni. Aliokoa sehemu. Pikapu hakununua mwaka ule wala mwaka mwingine wowote. Mimi baadaye nilifungua duka la vifaa vya ujenzi Mjimwema na nimeona vijana wenye simu wakinieleza kwamba siku hizi mtu ananunua pesa za nchi asizozijua kwa kubonyeza kidole. Huwa nawauliza swali moja, kwamba zikianguka nani atakuja kuzichukua. Wananiona bibi kizee, na pengine ni kweli.

Jumatatu ya Pasaka Mzee Ponera alipokea fedha zake, akaahidi kurudi kuandikishana mashamba ya kahawa yakimruhusu. Alirudi mvua zimekwisha, kwa bahati Bwana Issa naye alikuwa ametoka ziwani siku hiyo hiyo, amekonda, ana sahani mbili za bati za maua za kumzawadia dada Alana. Wakati wote ule wale wawili hawakuwa wametumiana salamu, na stendi walishaanza kusema watani wamekosana. Tulikaa chumba cha mbele: Mzee Ponera, mjumbe wa mtaa mwenye kalamu, Bwana Issa pembeni kama shahidi, mimi na birika la chai. Mjumbe aliandika mipaka ya kiwanja, jirani wa kushoto na wa kulia, akaandika jina la muuzaji. Kisha akauliza aandike nani kwa mnunuzi, ingawa alijua.

Dada Alana akasema, "Andika majina mawili. Alana Komba, na Issa huyu hapa."

Kalamu ilisimama. Mzee Ponera alisogeza kikombe. Bwana Issa alicheka kidogo, akatuangalia mmoja mmoja akitafuta wa kucheka naye, akasema, "Wewe Mngoni, usinitanie mbele ya wazee."

Dada Alana alimgeukia, mikono yake midogo imetulia mapajani. "Sitanii, Issa," alisema.

Nje watoto walikuwa wakikimbizana. Bwana Issa alifungua mdomo, nami nikangoja tusi, maana wakati wote ule hapakuwa na neno la dada Alana lililokosa jibu la Myao. Badala yake alivua kofia yake ya kiua, akaiweka gotini. Halafu akamwambia mjumbe, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Basi andika. Jina lake litangulie."